Mahindi ya Chokaa: Shajara ya Totiya na Kuku wa Pibili, Unguja

3 Mei

Nimenunua daftari hili Darajani leo asubuhi, na ukurasa wake wa kwanza nauandikia kazi niliyoiahirisha tangu nirudi Unguja: kupika totiya, ile mikate myembamba ya mahindi ya Kimeksiko, zilizo totiya kweli, na kuku wa pibili, yaani kuku wa viungo vyekundu aliyefungwa kwenye majani ya mgomba, wa kuliwa nazo.

Miaka saba nilikuwa mpishi San Francisco, mtaa wa Mission. Walioshika majiko jikoni mwetu walikuwa Wamaya wa Yucatán, ile rasi ya Meksiko iliyochomoza kati ya Ghuba ya Meksiko na bahari ya Karibi. Wengi walitoka mji mmoja uitwao Oxkutzcab, unaosifika kwa machungwa yake. Menyu ilikuwa ya Kiitaliano, lakini kila siku saa kumi alasiri, kabla wateja hawajaingia, mmoja wao alitupikia sisi wafanyakazi, na hapo tulikula cha kwao. Ndipo nilipoiona totiya ikivimba motoni kama andazi, kisha ikalala taratibu kiganjani mwangu. Harufu yake sijaisahau: mahindi, moshi kidogo, na kitu kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza.

Vyakula vya Kimeksiko nilivyovionja hapa mjini vyote vimefungwa kwenye mkate wa ngano. Siidharau ngano. Kaskazini mwa Meksiko, Sonora hasa, totiya za ngano ni chakula cha kila siku. Lakini Yucatán ni nchi ya mahindi, na mimi natafuta cha Yucatán.

Sharti nimejiwekea moja tu: sinunui kopo wala pakiti iliyotoka nje. Kama kitu hakipatikani kisiwani au bara, nitapika bila ya kitu hicho na nitaandika kwamba sikukitia.

5 Mei

Nimejaribu njia ya mkato ili niiondoe moyoni. Unga wa sembe, maji ya moto, chumvi, nikakanda. Nilipousukuma ulipasuka kingo zote, na nilipoutia kwenye chuma ukawa ubao. Ladha ni ya ugali uliokauka. Nilijua itakuwa hivyo, maana kinachokosekana si ufundi wa mkono. Kinachokosekana ni chokaa.

Niliandike hili vizuri, kwa sababu kila mtu nyumbani ananiuliza. Kwa totiya, watu wa Meksiko hawasagi mahindi makavu hivi hivi. Kwanza huyachemsha katika maji yaliyotiwa chokaa, huyaacha humo usiku kucha, huyaosha, ndipo huyasaga yakiwa mabichi. Mahindi yaliyopitia hapo huitwa nishtamali, neno la Kinahuatl lililoungwa kwa maneno mawili, jivu na tamali (donge la mahindi yaliyosagwa), kwani jivu nalo hufanya kazi hiyo. Chokaa hulainisha ganda mpaka likavuka lenyewe, na hubadilisha wanga ndani ya punje ukapata kunata. Ndiyo maana unga wa nishtamali hukandika ukashikana, na sembe haishikani hata ukiibembeleza.

Kuna na la afya. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo haliipati. Chokaa huifungua. Wazungu walipoyachukua mahindi Meksiko walichukua mbegu wakaiacha chokaa, na maskini walioishi kwa mahindi matupu wakaugua pelagra: ngozi kubabuka, tumbo kuhara, akili kuvurugika. Daktari Gaspar Casal aliieleza huko Asturias, Hispania, mwaka 1735. Baadaye ilienea kaskazini mwa Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaua watu wengi kusini mwa Marekani. Niasini yenyewe haikutambuliwa kuwa ndiyo dawa mpaka 1937. Wakati wote huo wanawake wa Meksiko walikuwa wakitia chokaa chunguni kila jioni.

Mahindi yalitufikia sisi vilevile, mbegu bila chokaa. Hata jina tuliloyapa linaelekeza Uhindini, ilhali mmea wenyewe ulifugwa kutokana na nyasi ya porini kwenye bonde la mto Balsas, kusini mwa Meksiko, miaka ipatayo 9,000 iliyopita.

9 Mei

Siku nne za kutafuta chokaa. Duka la vifaa vya ujenzi wanayo, magunia kwa magunia, lakini ile ni ya kupaka kuta na hakuna anayejua kimechanganywa nini ndani yake. Kwenye duka la dawa kijana aliniangalia kwa huruma akaniuliza kama naumwa na tumbo.

Jioni nikapita kwa Bi Mkubwa, mama yake mama, kumjulia hali.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekukunjana?"

"Natafuta chokaa. Lakini nataka ya kula."

Hakunijibu. Aliinua kijaluba chake kutoka ubavuni mwa mto, akakifungua, akanionesha: tambuu, popoo, katu, na kwenye kikopo kidogo, nyeupe kama maziwa ya mgando, chokaa.

"Na hii n'nayotia kinywani tokea sijaolewa na babu yako, ni ya kupaka ukuta?"

Nimekaa na uraibu huo mbele ya macho yangu tangu nimezaliwa. Nimetumwa mara ngapi dukani kununua chokaa ya tambuu! Nilikuwa nikitafuta kitu cha Kimeksiko, ndiyo maana sikukiona.

Kesho naenda kwa muuzaji wake.

10 Mei

Mzee anayeuza tambuu ameniuzia vikopo vitatu. Nilimuomba ile tupu, isiyotiwa katu wala rangi wala harufu. Nimeionja kwenye ncha ya ulimi: inauma kidogo, inakausha mate. Ndiyo yenyewe.

Tahadhari kwa atakayeniiga: chokaa inaunguza. Isiingie machoni, na ukiishika kwa muda vaa glavu. Na asitokee mtu akatia majini chokaa hai, ile ambayo haijazimwa, kwani ikikutana na maji huchemka yenyewe na kuruka.

12 Mei

Kazi ya mwanzo imeharibika. Nilipima kilo moja ya mahindi meupe makavu, yasiyokobolewa, lita tatu za maji, chokaa vijiko viwili, nikavitia kwenye sufuria yetu kubwa ya kila siku. Baada ya dakika kumi maji yalianza kutoa mapovu kabla hayajapata moto wa kutosha, na pembeni mwa sufuria pakawa peusi tititi. Sufuria ni ya alumini, na chokaa huila alumini. Jikoni San Francisco masufuria yote yalikuwa ya chuma cha pua, kwa hiyo jambo hili halikuwahi kunijia kichwani. Mahindi nimeyamwaga. Hata kuku sikuwapa.

14 Mei

Nimetumia chungu. Nimekinunua Mwanakwerekwe, cha udongo, kinene, na nimekipika maji ya mchele kwanza ili kizibe vinyweleo.

Kipimo nilichofundishwa ni gramu 10 za chokaa kavu kwa kilo moja ya mahindi. Chokaa ya tambuu ina maji ndani yake, kwa hivyo nimetia gramu 20, kijiko cha chakula kilichojaa. Nimeikoroga kwenye maji baridi kwanza, nikayatia mahindi, nikawasha moto wa wastani. Haikuchukua dakika tano baada ya kupata moto, maganda meupe yakageuka manjano ya kung'aa, kama yametiwa bizari. Nilisimama pale jikoni peke yangu nikachekelea. Rangi ile nilikuwa naijua.

Yalichemka polepole dakika 45, bila kutokota kwa nguvu. Nikachukua punje moja nikaikata kwa kisu: nje imeiva, katikati kuna kijidoa cheupe kikavu. Hapo ndipo pa kuzima moto. Ukiendelea mpaka katikati paive umeshapika makande, na makande hayasagiki yakawa totiya. Nimefunika chungu, yalale humo.

15 Mei

Asubuhi maji yamekuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyofifia, mazito kidogo, yananuka kama shamba. Nimeyamwaga, nikayaosha mahindi mara tatu huku nikiyasugua kati ya viganja. Maganda yanatoka kama ute. Sikuyatoa yote. Yule mpishi wa Oxkutzcab alikuwa akisema ukiyaosha mno unamwaga na ladha.

Kusaga ndiko kulikonishinda. Blenda haizunguki bila maji, na nilipotia maji ya kuiwezesha nikapata uji. Niliukamua kwenye kitambaa, ukabaki mzito lakini wenye chengachenga, na totiya zake zilinata kwenye chuma zikachanika. Tumekula vipande kwa mchuzi wa pweza. Watoto hawakulalamika.

Mashine za kusaga nafaka mtaani ni za nafaka kavu. Mwenye mashine akiona mahindi mabichi atanifukuza, na atakuwa na haki.

20 Mei

Jiwe.

Nimezunguka njia ndefu tena kwa kitu kilichokuwa nyumbani. Meksiko husagia kwenye metate, jiwe la miguu mitatu lililoinama mbele, na juu yake husukumwa jiwe jingine refu kama mchi. Mama analo jiwe la kusagia bizari, pana, limelika katikati, na mwana wake wa kuviringisha kwa mikono miwili. Halina miguu, lakini kazi ni ileile.

Kilo nzima kwa jiwe peke yake ni adhabu. Sasa nafanya hivi: mahindi yaliyooshwa nayapitisha mara mbili kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama, yatoke kama mchanga mnene, halafu nayamalizia kwenye jiwe, konzi kwa konzi, nikinyunyiza maji kwa vidole tu. Inachukua saa moja na nusu. Mabega yanauma leo nikiandika. Wanawake wa vijiji vya Meksiko walifanya hivi kila alfajiri, maisha yao yote, na jiwe tupu, mpaka mashine za umeme za nishtamali zilipoanza kuenea vijijini karne ya 20. Nimemfikiria bibi wa yule mpishi wetu, ambaye alituhadithia kwamba usingizi wake wa utotoni ulikatwa kila siku na sauti ya jiwe.

Lakini masa, yaani unga mbichi wa nishtamali, iliyotoka! Laini, nyevu, nzito mkononi, rangi ya pembe. Ukiibana haipasuki, ukiiachia hainati.

27 Mei

Wiki nzima ya totiya. Niandike nilichokipata.

Donge la gramu 30, kama limau dogo. Sina kibanio, kwa hivyo natumia vipande viwili vya jani la mgomba, donge katikati, juu ubao wa kukatia, na namkalisha mpwa wangu wa miaka kumi juu ya ubao. Yeye anaona ni mchezo, mimi napata duara la upana wa kiganja. Kingo zikichanika, masa ina kiu: maji kidogo. Isipobanduka kwenye jani, imelewa: iache wazi ipungue.

Chuma cha chapati kiwe na moto mkali, kikavu kabisa, bila tone la mafuta. Hapa ndipo mkono wangu wa Unguja uliponisaliti mara tatu, kwani chapati imeuzoesha mafuta. Totiya haiyataki. Upande wa kwanza sekunde 20 tu, mpaka itikisike ukikisukuma chuma. Igeuze. Upande wa pili dakika nzima, upate madoa. Igeuze tena, uibonye katikati kwa ncha za vidole, na kama kila kitu kilichotangulia kilikwenda sawa, chokaa na moto na kusaga na maji, itavimba.

Totiya ya kwanza haikuvimba. Ya kumi na moja imevimba jana saa kumi na mbili na robo jioni. Ya kumi na mbili pia. Leo, kati ya ishirini na nne, kumi na tano.

Nazifunga kwenye kitambaa ndani ya kawa la ukindu. Zikilala humo dakika kumi na mvuke wao, zinakuwa laini za kukunjika bila kukatika. Usizile zikitoka motoni zote, hata kama roho inakutuma. Ile moja ya mpishi ndiyo ya kuliwa papo hapo, na chumvi.

6 Juni

Mvua za masika zimechelewa kuisha, umeme unakatika, sikupika kitu. Nimeosha vikopo vya chokaa.

10 Juni

Sasa kuku. Pibili inatokana na neno la Kimaya pibi, tanuri la shimo ardhini. Yucatán nzima inaijua zaidi kwa nyama ya nguruwe, lakini kuku wa pibili ni chakula chao vilevile, kina jina lake na heshima yake, kwa hivyo hapa sibadilishi kitu cha mtu. Kinachohitajika ni vinne: mbegu nyekundu za achiote, maji ya machungwa makali, viungo, na majani ya mgomba.

Achiote nilijua ni nini tangu Marekani, kwa sababu niliikumbuka mikono yetu ya utotoni. Ni mzingefuri. Matunda yake yana miiba laini kama shokishoki, ukiyapasua ndani mna mbegu zenye unga mwekundu, na sisi tulizipaka midomoni tukicheza harusi. Kila mgeni anayepelekwa kwenye mashamba ya viungo Kizimbani au Kidichi hupakwa usoni na kupigwa picha. Kwale, upande wa Kenya, wakulima huulima na mbegu zake zinakwenda viwandani kutia rangi siagi na jibini. Mti wenyewe asili yake ni huko huko Amerika. Hapa tumeuweka kwa rangi tu, hakuna mtu jikoni aliyewahi kuniambia niuulize ladha yake.

Mwenye shamba mmoja Kizimbani amenijazia mfuko. Hakutaka pesa nyingi. Alitaka kujua nakwenda kuzipika na nini, akanifuata mpaka barabarani akiuliza.

14 Juni

Danzi. Mdanzi mmoja umesimama nyuma ya nyumba ya Bi Mkubwa huko Mwera, na matunda yake huanguka yakaoza, kwa sababu watoto wa siku hizi wanataka machungwa matamu. Ndilo hilohilo chungwa kali la Yucatán, liletwalo kule na Wahispania. Nimejaza kikapu. Maji yake ni makali, na nyuma ya ukali kuna uchungu mwembamba wenye harufu ya maua. Watu walio mbali na midanzi huchanganya ndimu na chungwa tamu, inasaidia, lakini ule uchungu hawaupati.

Bi Mkubwa kauliza kama mti wake umekuwa dawa.

21 Juni

Rekado, yaani kinyunya chekundu cha viungo. Mbegu za zingefuri ni ngumu kama changarawe. Nimezichemsha dakika kumi, nikaziacha majini usiku kucha, na bado jiwe lililia. Vijiko vinne vya mbegu, kimoja cha pilipili manga, nusu ya uzile, karafuu nne, kipande cha mdalasini, oregano kavu, chumvi, na vichwa viwili vya thomu vilivyochomwa na maganda yake kwenye mkaa mpaka vikawa laini. Yucatán hutia pia kile kiungo cha punje kavu kiitwacho pilipili ya Tabasco, kwa Kiingereza allspice. Sikuipata, nikakwangua kungumanga kidogo mahali pake. Si sawasawa, na naandika kwamba si sawasawa.

Vyote vimesagwa vikawa kama udongo mwekundu, nikauzimua kwa maji ya madanzi manne. Kuku wa kienyeji mmoja, vipande vinane, kalala humo tangu jana.

Majani ya mgomba nimeyababua juu ya moto mpaka yakang'aa na kuacha kupasuka. Nimeyatandika ndani ya sufuria, matabaka matatu, nikampanga kuku, vitunguu, tungule, rekado yote iliyobaki, nikamfunika kwa ncha za majani. Shimo sina bado. Lakini tunajua kupalia: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, kama mkate wa kumimina. Saa mbili na nusu.

Nilipofunua majani, nyama ilikuwa inaachana na mfupa, mchuzi mwekundu kama machweo, na harufu iliyotoka iliniketisha kwenye kibao. Saa kumi alasiri, mtaa wa Mission. Niliwaona wote.

22 Juni

Pembeni yake: vitunguu vyekundu vilivyokatwa vyembamba, vikamwagiwa maji ya moto mara moja, vikalala kwenye maji ya danzi na chumvi mpaka vikawa waridi. Na shinipeki, ambayo kwa Kimaya maana yake ni pua ya mbwa, kwa sababu inakutoa makamasi: kitunguu, danzi, kotmiri, na pilipili mbuzi. Habanero ya Yucatán na pilipili mbuzi yetu ni spishi moja ya mmea, na harufu ile ya matunda kabla ya moto haijafika ni moja. Mama kaila akasema, "Hii ni kachumbari ya mtu aliyekasirika."

5 Julai

Kunde. Hili nataka nilieleze pole pole.

Panucho ni totiya iliyovimba, ikachanwa tumboni, ikatiwa maharage yaliyopondwa, ikakaangwa, kisha juu yake kuku wa pibili na vitunguu vya danzi. Ndiyo maana kuvimba si pambo, maana pasipo mfuko ule hakuna panucho. Maharage yake huwa meusi. Nimetafuta meusi Darajani na Mwanakwerekwe, nimepata ya njano, mekundu, ya madoadoa, meusi hakuna.

Nilikuwa karibu ya kuandika "imekosekana" nikamkumbuka yule mpishi wetu na mfuko aliotumiwa na mama yake kutoka Oxkutzcab. Aliyaita shpeloni. Alisema hutiwa kwenye pibi kubwa za mahindi wanazowapikia marehemu wao, kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi 2 Novemba, siku ambazo roho hurudi nyumbani kula. Niliyaangalia nikamwambia, haya ni kunde. Akabisha. Nikamwambia, kaka, haya ni kunde, bibi yangu anayapika kwa nazi. Ni kunde kweli, mmea wa Afrika, uliovuka bahari zamani za biashara ya watumwa, na Wamaya wakaupa nafasi kwenye chakula cha wafu wao, mahali ambapo mtu hatii kitu asichokipenda.

Kwa hivyo sitii kunde kwa kukosa maharage. Natia shpeloni. Nimezichemsha na kitunguu, nikaziponda, nikazikaanga mpaka zikaachana na kikaango. Totiya nilizoweza kuzichana bila kutoboa ni sita kati ya kumi. Zile nne tumezila kama zilivyo.

Na vinywaji nilivyokuwa nikivinywa kule nikidhani ni vya kwao pekee ni hivyo hivyo: maji ya ukwaju na maji ya choya, ambayo Meksiko nzima inayauza kwenye mitungi ya kioo barabarani. Mkwaju na choya asili yake ni upande wetu.

12 Julai

Visivyopatikana, ili asije mtu akadhani nimepata kila kitu. Tungule zile ndogo za kijani zenye ganda kama karatasi hazipo, na tungule mbichi za kawaida nimezijaribu: ni kali bila utamu, na maji matupu. Pilipili kavu kubwa zisizowasha sana, ancho na guajillo, hazipo, na bila hizo mchuzi wa mole wa Puebla au Oaxaca sitaujaribu. Kutia paprika na kuuita mole ningeona ni kumdanganya mlaji. Inatosha kwamba Yucatán, nchi ya mawe ya chokaa isiyo na mito juu ya ardhi, inapikika kwenye kisiwa cha matumbawe. Visima vyao ni mapango yaliyofunuka, kama yale ya kwetu kusini, na chokaa yao ya chunguni hutoka kwenye mwamba walioukalia.

19 Julai

Mahindi mapya yamefika kutoka bara. Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Yale ya Mei yalikaa ghalani muda mrefu na yaliiva ovyo, punje moja laini, nyingine jiwe. Haya yaliiva pamoja katika dakika 30, maganda yakavuka kwa kuoshwa mara moja, na totiya ishirini na mbili kati ya ishirini na nne zimevimba. Kuanzia sasa namuuliza muuzaji ya mwezi gani kabla ya kumuuliza bei.

26 Julai

Watu kumi na wanne uani kwetu. Kilo mbili za mahindi ya chokaa, kuku watatu. Mwenye shamba wa Kizimbani kaja na mkewe. Mzee wa tambuu kaja, kala totiya kavu na chumvi, mbili, bila kusema neno, kisha akauliza ni chokaa yangu hii? Nikamwambia ndiyo, Mzee, ni yako. Akaitisha ya tatu.

Bi Mkubwa meno hana, kwa hivyo nilimtengea totiya laini iliyolowa mchuzi. Alikula polepole. Akasema ladha ya danzi ameitambua, ni ya mti wake, lakini hiyo nyingine chini yake hajui ni nini. Nikamwambia ni mahindi, Bi Mkubwa. Akatikisa kichwa: "Mahindi nayajua mie."

Usiku nimempigia yule mpishi. Kwao ilikuwa asubuhi. Nilimwonesha totiya kwa kamera, nikaibonya ikavimba mbele yake. Alinyamaza, akaniuliza nimeosha mara ngapi. Mara moja, nikasema, mahindi mapya. Akasema vizuri. Nikamwonesha sufuria iliyopaliwa makaa, na hapo akacheka akaanza kunieleza shimo: kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko na zaidi kidogo, kuni ngumu, mawe makavu yasiyokaa na maji yasije yakapasuka, moto uwake mpaka mawe yaone weupe, kisha chakula, majani, mabati, udongo juu, na usifukue kabla ya saa nne kupita hata harufu ikikuita.

2 Agosti

Mpwa wangu na mimi tumechimba nyuma ya nyumba ya Bi Mkubwa, hatua kumi kutoka kwenye mdanzi ili tusikate mizizi. Kwa kina cha futi moja tumefika kwenye mwamba. Kesho naazima mtaimbo.